Singo ya Shukri

Ukimtaka Mwanarusi wa Kibokoni, Mji wa Kale, usiende kwake asubuhi, maana asubuhi hayuko kwake. Yuko kwa watu. Utamkuta jikoni mwa mwenzake akionja achari, au barazani akisikiliza nani kaposwa na nani kakataa. Akitoka hapo ana habari za nyumba nne, na za kwake hakuna aliyezipata. Mjane asiye na mtoto, sauti nene, miguu myepesi. Kazi yake ilikuwa kusinga maharusi. Msichana akishatiwa ndani kungoja arusi, ndiye aliyeitwa kumsugua kwa singo: liwa, ule mti wa kunukia, ya kusagwa juu ya jiwe, karafuu, asmini na mawaridi makavu, ganda la chungwa, vyote vimepondwa vikabaki na chenga, vikalowekwa marashi. Husugua mwili mpaka taka zidondoke kama unga wa muhogo na ngozi ing'are. Na mara nyingi ndiye aliyekuwa somo pia, wa kumfunda msichana, kumpamba na kumsindikiza hadi kwa mume.

Sasa Shukri alikuwa binti wa nduguye wa kiume, lakini kwa mapenzi alikuwa wake. Mtoto huyu alianza kutoka chunusi bado yuko shuleni. Wala si vile vipele vya ujana vinavyokuja na kwenda. Yalikuwa majipu madogo, mashavuni na kidevuni, yakiiva yauma, yakipasuka yaacha baka jeusi. Wenziwe darasani wakamwita Stafeli. Wajua watoto, tunda lina ngozi ya manundu, jina likanata. Hata alipokuwa mtu mzima, anafanya kazi afisi ya kuondosha mizigo bandarini, ungewasikia wanawake arusini wakiulizana, "Yule nani? Si yule Stafeli?"

Na Mji wa Kale, uso ukiwa wa mwenzako, kila mtu tabibu. Huyu alisema afukizwe mwarobaini, akafukizwa mpaka akazimia. Huyu alisema ndimu, huyu dawa ya meno, huyu manjano na asali. Mara moja mamake, Bi Fahima, alinunua malhamu kwa mama mmoja Marikiti, kikopo kisicho na jina, uso ukang'aa wiki moja, kisha ukaungua. Toka siku hiyo Bi Fahima akaapa hakuna dawa ya kopo wala ya mrija itakayoingia nyumbani mwake. Zote sumu, alisema, na hakutaka mjadala.

Wakati wote huo Shukri hakuwa akilia kwao. Alikuwa akija kulia kwa shangazi yake. Mwanarusi humpa chai ya tangawizi, akampigia porojo za mjini mpaka mtoto acheke, na kila mara humwambia, "Siku yako ikifika, uso huu nitausimamia mimi."

Aliyebadilisha mambo ni Kadzo, msichana wa Kigiriama aliyekaa Makupa, mwenziwe Shukri hapo afisini. Ndugu yake Kadzo alikuwa na chunusi za namna ile ile, akatibiwa kwa daktari wa ngozi, zikaisha. Kadzo akamshika Shukri mkono wakenda wote. Daktari alimwandikia dawa ya kupaka usiku, kiasi cha punje ya kunde uso mzima, akamwonya kwamba mwanzo zitazidi kabla ya kupungua, na avumilie. Akamwonya na jingine. Dawa hii yafanya ngozi iwe laini kupita kiasi, alimwambia. Usisugue uso, usifukize, nyusi usitinde kwa uzi, jua ulikinge. Na mtu yeyote atakayekugusa uso, saluni au nyumbani, mwambie kwanza unatumia nini.

Shukri aliificha dawa ndani ya kasha la viatu, chini ya mitandio. Mamake hakujua. Aliyejua, ukimtoa Kadzo, ni Mwanarusi peke yake.

Ikawa kweli. Mwanzo zikazidi, Shukri akataka kuitupa, Mwanarusi akamkataza. Kisha zikaanza kukauka moja moja. Kaskazi ikaisha, mvua zikaja, na siku moja Shukri alikaa kwenye mkeka wa shangazi yake, mwangaza wa dirisha ukimpiga ubavuni, Mwanarusi akanyamaza katikati ya neno. Shavu lilikuwa shavu. Mabaka yalikuwepo, mepesi, kama mtu aliyepitisha kidole chenye wanja akafuta.

Hapo hapo ndipo Saif, fundi wa majokofu wa Bondeni, akapeleka watu kumposa. Kijana wa watu, mpole, hana la kusemwa. Posa ikajibiwa.

"Shangazi," Shukri alimwambia jioni moja, "mimi nataka kitu kimoja tu. Usiku wa kupamba, nikikaa pale jukwaani mbele ya watu, nisipakwe mapoda yale ya kuziba. Uso wangu tu, na wanja. Wanione."

"Watakuona, mama. Wataona mpaka mato yawatoke."

"Na singo je? Daktari kasema nisisuguliwe uso."

Mwanarusi alifikiri. Kusinga ni mbele ya watu. Nyumba hujaa, pande mbili, wa kwenu na wa kwa mume, na kila mtu yuatazama. Bibi arusi asiyesingwa uso ni habari, tena habari itakayofika Bondeni kabla ya magharibi. Wangeuliza yuna nini. Na mamake angejua habari ya dawa.

"Sikiliza," akasema. "Mwili nitakusinga kama desturi. Uso nitakupitishia mkono wenye marashi mawaridi matupu. Nitawapa watu mgongo, hakuna atakayejua. Singo haitagusa hapa." Akamgusa kidevu.

"Wallahi?"

"Wallahi."

Hawakubahatisha hata hayo marashi. Alimpaka tone chini ya taya, wakangoja siku mbili tatu waone kama patawasha. Hapakuwasha. Shukri alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri yule mtoto, sema alizoea kukificha nyuma ya mkono.

Siku ya singo nyumba ya Bi Fahima ilijaa mpaka ngazini. Udi unafuka, kahawa na halua zinazunguka, vijembe vinarushwa ukutani vikirudi, kila aliye na ulimi kauleta. Mwanarusi hapo ndipo pake. Aliketi kati ya ukumbi, kanga kajifunga kifuani, mikono wazi hadi mabegani, na Shukri mbele yake kafunikwa leso. Bibi arusi siku hiyo hasemi. Hiyo ni adabu. Akisinyaa hutaniwa, akilalamika huambiwa hakufundwa. Kadzo alikuwepo pia, kabanwa pembeni na sahani ya mahamri, anatazama kila kitu.

Mwanarusi alisinga mikono, akasinga mgongo, akasinga miguu. Taka zikadondoka, wanawake wakapiga vigelegele. Alipofika usoni, akageuza mgongo kama alivyoahidi, akachovya mkono kwenye bakuli ya marashi, akaupitisha taratibu. Shukri alikuwa kafumba macho, ametulia.

Ndipo Bi Swafiya, shangazi yake Saif, akasogea. Mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye jicho la kuhesabu. Alikuja na bakuli yake mwenyewe.

"Mwanarusi, hiyo ni singo au ni udhu?"

Watu wakacheka.

"Ni singo, dada," Mwanarusi alisema. "Kila mahali na mkono wake."

"Naona mwili umeusugua kama sufuria, uso wauruka. Au mwauweka akiba?"

Wakacheka tena, zaidi. Mmoja nyuma akadakia, "Labda waogopa manundu yarudi." Hakutaja jina lile. Hakuhitaji.

"Uso wa mtoto ni mwororo," Mwanarusi alisema.

"Wa kwetu wote ni wororo, na wote twawasinga. Hii hapa nimesaga mwenyewe, karafuu nimetia za kutosha. Mwana huyu anakuja kwetu. Acha aingie na singo ya kwetu." Bi Swafiya akaiweka bakuli mapajani mwa Mwanarusi, kisha akasema kwa upole, kama mtu amhurumiaye mgonjwa, "Au mkono umezeeka, mwenzangu? Sema, mimi nitakusaidia."

Nyumba nzima ikamgeukia Mwanarusi. Miaka yote ile ya kusinga, hakuna aliyepata kumwambia mkono wake umezeeka. Akamtazama Bi Fahima, naye Bi Fahima, ambaye hajui lolote, alimkonyeza kama kusema, malizana naye. Mwanarusi angeweza kusema mengi. Angeweza kusema mtoto yuna dawa. Angeweza kumpa Bi Swafiya kijembe kimoja nyumba ikaangua kicheko, jambo likapita. Alikuwa navyo tele. Siku hiyo hakupata hata kimoja.

Alichota singo ile.

"Kidogo tu," alimnong'oneza Shukri. "Nitakwenda polepole."

Shukri akafumbua macho. Mkono wake ukatoka chini ya leso ukashika upindo wa kanga ya shangazi yake, ukaukamata kwa nguvu. Mwanarusi aliuhisi. Alisugua shavu la kulia, la kushoto, kidevu. Kwanza polepole, kisha vigelegele vikapanda na mkono ukashika mwendo wake wa siku zote, ule mwendo ambao Mji wa Kale wote waujua. Chenga za karafuu zilikwaruza. Machozi ya Shukri yalitoka, wanawake wakasema ni ya furaha, ya kuwaaga wazee. Mahali fulani katikati, mkono wa Shukri ukaiachia kanga. Mwanarusi alihisi hilo pia.

Kadzo alikuwa amesimama. "Mama, si daktari alisema..." alianza, na jirani yake akamvuta chini. "Kaa, dada. Haya ya pwani, huyajui."

"Mimi pia wa pwani," Kadzo alisema, lakini ngoma ilikuwa imeshaanza.

Asubuhi yake Mwanarusi aliitwa mbio. Mashavu yote mawili yalikuwa mekundu, yamevimba, ngozi ya juu imetoka kwa vipande, na palipokuwa na mabaka mepesi palikuwa na vidonda vinavyotoa maji. Kidevu kilikuwa hakitazamiki. Bi Fahima alikuwa kapekua chumba kizima akaona kasha la viatu.

"Hii ndiyo iliyomuunguza," alilia, mrija mkononi. "Nilisema mimi. Nilisema. Mtoto kajipaka sumu usiku wa singo."

"Sikujipaka jana, mama," Shukri alisema. Hakuweza kufungua mdomo vizuri. "Niliacha tangu juzi."

"Hospitali hizo," akasema jirani aliyekuwa mlangoni. "Mpwa wangu naye..." na akaanza hadithi ya mpwa wake.

Shukri alimtazama shangazi yake. Alikuwa akingoja. Na Mwanarusi, mama wa maneno, aliyejua kumaliza kila ugomvi wa mtaa huu, aliangalia mrija ule mkononi mwa wifi yake, akasema, "Tumtafutieni maji ya baridi kwanza."

Bi Fahima akautupa mrija kwenye pipa la taka la njiani.

Kadzo ndiye aliyekuja mchana akampeleka Shukri kwa daktari, mgonjwa kajifunga ninja, macho tu nje. Wakarudi na malhamu ya kutuliza na maneno machache ya daktari: asipake chochote kingine, asijipambe uso, asipigwe jua, na dawa ya zamani aisimamishe mpaka ngozi ifunge. Itapona, kasema. Ila alama huenda zikachukua muda mrefu kufutika, na nyingine zisifutike. Kupamba ni Ijumaa? Daktari alitikisa kichwa.

Mji ukajaa maneno. Ungepita Kibokoni ungesikia matatu. Dawa ya hospitali. Jicho, maana mwari kawa mzuri ghafula. La tatu lilikuwa kwamba upande wa mume wametia kitu kwenye singo, na hilo lilisemwa kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemtaja Mwanarusi. Alipopita walimwita, "Pole, mwenzetu, umeharibiwa kazi yako." Alikuwa akiitikia.

Siku mbili alikwenda kwa nduguye akaambiwa Shukri kalala. Siku ya tatu aliingia bila kubisha. Shukri alikuwa ameketi kitandani, feni inampuliza, uso unang'aa kwa malhamu.

"Nimekuletea uji," Mwanarusi alisema.

"Ahsante. Weka hapo."

"Shukri, mwanangu. Mimi niliona aibu."

"Najua, shangazi."

"Yule mwanamke alinisimamia..."

"Nilikuwepo." Alisema bila hasira, na ndivyo ilivyokuwa vibaya zaidi. "Mimi sikuweza kusema. Bibi arusi hasemi. Nilijua utasema wewe."

Mwanarusi aliketi ukingoni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakujua aweke wapi mikono yake.

"Kupamba kutaahirishwa?" akauliza mwisho.

"Ukumbi umelipiwa, watu wameshaalikwa. Mama hataki maneno." Shukri akajipangusa shingo. "Nitakaa. Lakini nitakaa na shela, na usiifunue. Kadzo amesema atakaa karibu nami, lakini somo ni wewe, watakutazama wewe. Watapiga kelele. Usiifunue."

"Sitaifunua."

Shukri hakusema wallahi safari hii. Hakuuliza.

Ijumaa baada ya magharibi ukumbi wa Bondeni ulijaa mpaka viti vikaazimwa msikitini. Mabuibui yakavuliwa, dhahabu zikatoka, manukato yakapanda mpaka unahisi ulimi unaonja mawaridi. Shukri aliingia taratibu, gauni la kijani kibichi, hina hadi viwikoni, shela nzito ya dhahabu imemfunika mpaka kifuani. Akapandishwa juu akaketi. Mwanarusi akasimama kulia kwake, kama desturi.

Sasa, desturi ni kwamba bibi arusi akiketi, nyimbo zikifika kileleni, somo huinua shela, na ukumbi mzima humwona. Nyimbo zikafika. Shela haikuinuka. Zikarudiwa. Wanawake wakaanza kuinuka vitini.

"Somo, tuonyeshe mwana wetu."

"Au mwatuuzia mbuzi kwenye gunia?"

"Mwanarusi, mkono umekufa ganzi?"

Bi Swafiya alikuwa mstari wa mbele. "Tumekuja kumwona," alisema, "hata akiwa vipi. Ni mwana wetu sasa. Mfunue."

Mwanarusi alisikia kila neno. Aliijua kiu ile; alikuwa nayo mwenyewe, kapata kukaa vitini pale mara ngapi akinyosha shingo awe wa kwanza kuona. Alishusha mikono yake ubavuni.

"Hafunuliwi," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uso nimeuharibu mimi. Alikuwa yuko kwa dawa ya daktari, hakutakiwa kusuguliwa. Nilijua. Aliniambia mwenyewe. Nikasugua kwa kuwa mlinicheka."

Ngoma ilinyamaza. Mwanarusi alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa Bi Fahima kumjia juu, kwa kuondolewa pale mbele ya watu wote. Alikuwa karibu kuyataka.

Mama mmoja mzee karibu na jukwaa akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini, Mwanarusi. Yuajitwika mzigo. Jicho lile, mwenzangu, si mkono wako."

"Si jicho. Nawaambia ni mimi."

"Uchungu wa mwana huo," mwingine akasema. "Mpeni maji."

Wakampa maji. Mtu akamkumbatia. Bi Fahima, kule nyuma, alikuwa akilia na kusema kila mtu ajua ni dawa ile. Ngoma ikaanza tena, wimbo mwingine, wa furaha, na watu wakarudi kwenye biriani yao. Mwanarusi alibaki na glasi mkononi. Aliinama kidogo kwenye shela.

"Umenisikia?" aliuliza.

"Nimesikia," Shukri alijibu ndani ya kitambaa, kisha akaongeza, "Ungesema siku ile."

Walipomtoa kumpeleka kwa mume, gari lilikuwa mlangoni limepambwa maua. Mwanarusi alifungua mlango wa nyuma, akasogea aingie ubavuni mwa bibi arusi, maana somo ndiye akaaye pale, ndiye aingiaye naye nyumbani, ndiye amwandaliaye chumba na arudiye asubuhi kuuliza hali. Shukri akaweka mkono wake wenye hina kwenye kiti.

"Shangazi, wewe rudi nyumbani upumzike. Nitakwenda na Kadzo."

Kadzo aliyekuwa nyuma alishtuka. "Mimi? Mimi sijui hata nikifika huko nafanya nini."

"Hufanyi kitu. Utakaa tu nami."

Kadzo akamtazama Mwanarusi, kama kumwomba ruhusa au msamaha. Mwanarusi akasogea pembeni, Kadzo akapita, akaketi. Shukri alinyosha mkono nje ya gari. Mwanarusi akaushika, na Shukri akauvuta ule wa shangazi yake karibu na kinywa, akaubusu juu ya shela kama binti mwenye adabu ambusuvyo mkubwa wake, akauachia.

"Kesho asubuhi usije," alisema. "Nitakutumia habari nikiwa tayari."

"Na keshokutwa je?"

"Nitakutumia."

Wanawake walikuwa wakisukumana, wakipiga vigelegele, dereva kawasha. Upindo wa gauni la kijani ulikuwa umebaki nje, unaning'inia juu ya lami. Mwanarusi aliinama, akauokota kwa ncha za vidole, akaulaza ndani miguuni mwa Shukri bila kumgusa, kisha akafunga mlango taratibu.